Sanduku Jepesi la Fundi Shaaban

Kilwa Kivinje nzima ilimjua Fundi Shaaban kwa neno moja: "Nyanyua!"

Mteja akija kuulizia kitanda, Shaaban hataji bei kwanza. Anamwonyesha kitanda, anakunja mikono kifuani, anasema, "Nyanyua!" Mteja ananyanyua, mishipa ya shingo inamtoka, anaachia. Hapo Shaaban anacheka mpaka jino la mwisho linaonekana.

"Hiyo ni mbao ya mkongo, ndugu yangu," anasema. "Utalalia wewe, atalalia mwanao, na wajukuu watakigombania kwenye mirathi."

Na kweli, vitanda vyake havikuvunjika. Baba yake alimfundisha kwamba kitu kizuri ni kitu kizito. Shaaban aliamini hivyo, na hakuna aliyewahi kumbishia. Nani atambishia fundi mbele ya msumeno wake?

Mkewe, Maimuna, alikuwa mchoraji. Zamani aliwapaka piko maharusi. Baadaye akaanza kuchora picha kwa rangi ya mafuta, ile ile ya kupaka madirisha. Alichora nyumba za kale za Kivinje juu ya vipande vya plaiwudi. Wageni walizipenda. Lakini alichora akiwa nyumbani kwake, kwa kukumbuka tu.

Mwaka huu mama yake, Bi Zuhura, akatoa ombi.

Bi Zuhura alikuwa na miaka themanini na mbili. Nyumba yake ya mawe ilikuwa mtaa wa pwani. Mvua za masika zilipasua ukuta wake. Mlango ukapigiliwa misumari ili watoto wasiingie, na Bi Zuhura akahamia kwa Maimuna. Ukoo ukakaa kikao, ukaamua nyumba ibomolewe kabla haijaua mtu. Siku ikapangwa: Jumatatu, baada ya wiki mbili.

"Sikatai," alisema Bi Zuhura. "Nyumba ikifa huzikwa kama mtu. Lakini nataka picha yake."

"Mama, si nimeshaipiga kwa simu? Hii hapa," alisema Maimuna.

Bi Zuhura akaisogeza simu mpaka ikagusa pua. "Kwa macho yangu haya? Mimi naona kiberiti kilichopasuka. Nataka picha kubwa ya kuchora. Nataka lile jua la asubuhi pale mlangoni. Nimelitazama miaka sitini. Nenda ukakae pale pale, mwanangu, uchore unachokiona. Usichore kwa kukumbuka. Ulitoka pale ukiwa msichana, utakumbuka nini?"

Basi Maimuna akaenda. Alijitwisha ndoo yenye makopo ya rangi. Mkono mmoja alishika kigoda, mkono mwingine alishika ubao wa kuchorea. Ilikuwa mwendo wa nusu saa. Alikaa mbele ya nyumba, akaweka ubao mapajani, akaanza. Picha ilipokaribia kupendeza, upepo ukaja. Ubao uliruka, ukaangukia uso mchangani. Maimuna alipouinua, nyumba ya mama yake ilikuwa na ndevu za mchanga.

Siku ya pili alikuwa mwerevu zaidi, au alidhani hivyo. Alifunga ubao kwenye ukuta wa jirani kwa kamba. Akamaliza nusu ya picha. Wakati wa kurudi, aliifunika kwa kanga ya mama yake ili vumbi lisiingie. Rangi ilikuwa mbichi, kanga ikanata. Alipoibandua nyumbani, maua ya kanga yalibaki kwenye ukuta wa nyumba, na ukuta wa nyumba ulibaki kwenye kanga.

"Doti mpya hiyo!" Bi Zuhura alilia. "Hata sijaifua mara moja!"

Maimuna alikwenda kukaa jikoni peke yake. Shaaban alimfuata. Alimkuta akijifuta macho kwa mkono wenye rangi, na uso umekuwa wa bluu.

"Siku zinakwisha, Baba Issa," alisema Maimuna. "Mama hajawahi kuniomba kitu. Ameomba hiki kimoja, na sikiwezi."

Shaaban alichomwa moyoni. "Nyamaza, Mama Issa," alisema. "Mumeo ni fundi. Nitakutengenezea sanduku. Rangi, brashi, picha, vyote ndani. Wewe kaa tu."

Akaingia karakanani. Alifanya kazi siku tatu. Hakumuuliza Maimuna chochote. Alichagua mkongo wa unene wa inchi moja. Akaweka misumari ya shaba yenye vichwa vya duara, kitasa na kufuli. Akalipiga vanishi mara tatu. Siku ya nne alilitoa uani, akalisimamia, akakunja mikono.

"Nyanyua!" alisema.

Maimuna akanyanyua. Sanduku lilifika magotini, likagoma. Majirani wawili wakaja kumtwika. Maimuna alikwenda hatua sita, akaita, "Shingo! Jamani, shingo!" Shaaban alikimbia kulipokea. Sanduku likateleza, likatua juu ya kidole chake cha mguu.

Kelele alizopiga Shaaban zilimtoa nje jirani yao, Mwalimu Bertha. Mwalimu Bertha alikuwa mwenyeji wa Newala. Alikuwa amefundisha stadi za kazi Kivinje kwa miaka kumi na minane. Alilitazama sanduku, akamtazama Shaaban akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Pole, fundi," alisema. "Hili ni sanduku la rangi, au ni kaburi la Mjerumani?"

Majirani walicheka. Shaaban hakucheka.

"Mwalimu," alisema, "chaki ni yako, randa ni yangu. Tuheshimiane." Akaingia ndani akichechemea.

Alinuna mpaka alasiri. Kilichomuuma zaidi hakikuwa kidole. Walipolipima sanduku kwenye mizani ya dukani, likiwa tupu, lilikuwa kilo ishirini na moja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, uzito ulimtia aibu.

Bi Zuhura akamwita. "Shaaban, mwanangu."

"Labeka, mama."

"Unanuna vizuri sana. Lakini Jumatatu ya kubomoa haitakungoja umalize. Kuuliza si ujinga. Nenda kwa Mwalimu."

Shaaban alikwenda. Alipiga hodi kwa sauti ndogo, yeye ambaye husikika mpaka stendi.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza," alisema.

"Karibu, kaa," alijibu Bertha. Hakumcheka tena. Alileta boksi tupu la sabuni, mkasi na rula. "Mimi sijui kutengeneza kitanda, fundi. Lakini wachoraji wanaochora nje nimewahi kuwaona wakiwa kazini, na masanduku yao niliyachunguza. Maimuna anachora ubao wa ukubwa gani?"

Shaaban alikuna kichwa. Hakujua. Ikabidi Maimuna aitwe.

"Sentimita arobaini kwa thelathini," alisema Maimuna. "Na sijaulizwa hata siku moja."

"Haya, leo umeulizwa," alisema Bertha. "Unatumia rangi ngapi?"

"Sita zinanitosha. Nyingine nachanganya."

"Unachora umekaa au umesimama?"

"Nikikaa sioni paa vizuri. Bora nisimame."

Shaaban alisikiliza mdomo wazi. Mambo yote hayo yalikuwa ndani ya nyumba yake, na yeye hakuyajua.

Bertha akakata boksi. "Kabla hujakata mbao, kata boksi," alisema. "Boksi likikosewa, umepoteza nini? Hamna. Sasa tazama. Sanduku liwe kubwa kuliko picha kwa kidole kimoja tu kila upande. Likizidi hapo, unabeba hewa. Kuta zake ziwe za mbao ya paini, unene wa sentimita moja. Juu na chini weka plaiwudi."

"Plaiwudi?" Shaaban aliruka. "Mwalimu, plaiwudi ni ya dari! Watu watasema Shaaban amefilisika!"

"Nguvu ya sanduku iko kwenye pembe, fundi. Unene haukusaidii. Ziungane pembe zako kwa gundi na meno yanayoumana, kama droo nzuri. Au meno huyawezi?"

"Mimi? Meno?" Shaaban alivimba. "Meno yangu hata unywele haupiti!"

"Basi hapo ndipo utakapojivunia," alisema Bertha. "Sasa, kifuniko. Hiki si cha kufunika tu. Ukikifungua kinasimama nyuma, na picha inakaa ndani yake. Anachora pale pale. Pembeni utaweka ufito wenye matundu matatu. Skrubu ikiingia tundu moja, kifuniko kinasimama wima. Ikiingia lingine, kinalala kidogo."

"Na picha ikiwa mbichi?" Maimuna aliuliza. "Hapo ndipo ninapoumia."

"Ndani ya kifuniko, pande mbili, gundisha vijiti vyenye mfereji. Picha inateleza katikati yake kama dirisha la kusukuma. Ukifunga sanduku, picha inatazama ndani. Lazima ibaki nafasi ya vidole viwili, pasiwe na kitu cha kuigusa. Kanga haihitajiki tena."

"Alhamdulillahi!" Bi Zuhura alisikika ng'ambo ya ukuta.

Mwalimu aliendelea kukata na kukunja. Makopo sita madogo ya mafuta ya kujipaka, yenye vifuniko vya kuzungusha, yangebeba rangi. Yangekaa kwenye matundu ya sponji iliyokatwa kutoka godoro kuukuu, yasicheze. Juu yake kungekuwa na ubao mwembamba wa kuchanganyia rangi. Ubao huo unavutwa pembeni, na ukirudishwa ndani unafunika makopo.

"Lakini atasimama vipi nalo?" aliuliza Shaaban. Sasa alikuwa amesahau kununa.

"Miguu mitatu ya kamera," alisema Bertha. "Hussen anayepiga picha za pasipoti anayo ya zamani, imevunjika kishikio kimoja. Mwombe. Katikati ya sanduku, kwa chini, utatia nati ili miguu ile ijifunge hapo. Na usikisie nati! Nenda dukani na miguu yenyewe, uijaribu pale pale. Plaiwudi peke yake itapasuka pale penye nati, kwa hiyo weka kwanza kibao kigumu, ukubwa wa kiganja."

Shaaban aliinua kichwa. "Cha mkongo?"

"Cha mkongo," alisema Bertha. "Hapo mkongo una kazi."

Shaaban aliondoka akitembea kama mtu aliyelipwa.

Alifanya kazi siku mbili. Safari hii kila saa alimwita Maimuna. "Shika hapa. Mkono unafika? Kifuniko hakikupigi?" Hussen alitoa miguu ya kamera bure, akasema anachotaka ni kuona tu. Shaaban alitengeneza kishikio kipya. Alipitisha msasa kila pembe. Mwisho akaweka mpini wa ngozi ubavuni, kama mkoba wa karani, kwa sababu Bertha alisema masanduku aliyoyaona yalikuwa hivyo.

Lilipimwa likiwa tupu. Kilo mbili na nusu.

Jumatano asubuhi Maimuna alilishika mpini, akaondoka. Baada ya nusu saa akarudi. Gauni lake lilikuwa na mto wa rangi ya bluu, kutoka kiunoni mpaka kwenye kandambili. Sanduku lilipobebwa kwa mpini, makopo yalilala ubavu. Mwendo ukayatikisa, na vifuniko vikavuja.

Shaaban alikaa chini. "Zimebaki asubuhi nne," alisema.

Mwalimu Bertha alilichunguza sanduku, akasema, "Hapa nimekosea mimi. Wale wachoraji niliowaona walitumia rangi nzito, za kukamua kama dawa ya meno. Zile hazimwagiki. Rangi ya Maimuna ni ya maji maji. Sikufikiria hilo."

Bi Zuhura alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Hakuinua hata uso.

"Kwani nani kawaambia Maimuna anabeba mkononi?" aliuliza.

Wote wakamgeukia.

"Ndoo anabeba wapi? Kuni anabeba wapi? Tangu ana miaka sita mtoto huyu anateka maji, tone halidondoki. Leo mmempa mkoba kama karani wa mahakama! Mmepima mbao, mmepima rangi. Kichwa hamkukipima."

Bertha akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Shaaban alikuwa ameshasimama. Aling'oa mpini. Aligeuza sanduku juu chini, akagundisha vijiti vinne vyembamba kuzunguka kile kibao cha mkongo. Maimuna akasokota kanga ikawa kata, ile pete ya kuweka kichwani chini ya mzigo. Kata ikaingia ndani ya vijiti barabara, haikusogea. Akajitwisha. Sanduku likalala bapa juu ya kichwa, makopo yote wima.

"Cheza," alisema Bi Zuhura.

"Mama!"

"Cheza, tuone."

Maimuna alizunguka uani akitikisa mabega. Walifungua sanduku. Hakuna kopo lililovuja.

Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi alikwenda alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Kila siku alirudi na picha mbichi ndani ya kifuniko, na kila siku ilifika salama. Mama yake hakuruhusiwa kuchungulia.

Jumapili Shaaban alimfuata. Alikuwa hajawahi kumwona mkewe akichora nje. Alimkuta amesimama mbele ya nyumba, sanduku limekaa usawa wa kifua chake juu ya miguu mitatu. Katikati ya miguu ulining'inia mfuko wa mawe. Hilo Maimuna alilibuni mwenyewe kwa ajili ya upepo. Upepo ulikuwepo, tena wa kuvua kofia, lakini sanduku halikutikisika. Watu kama kumi walikuwa wamesimama wakitazama. Mzee mmoja aliuliza, "Mama, sanduku hili la Ulaya?"

Maimuna hakugeuka. Alikuwa anamalizia kivuli cha dirisha. "La Kivinje," alisema. "La fundi wangu."

Kifua cha Shaaban kilijaa mpaka shati likambana. Aliona fahari, na kusema kweli fahari yenyewe haikuwa ya sanduku tu. Aliona mkono wa mkewe ukienda bila woga, na watu wazima wamenyamaza kwa ajili yake.

Maimuna alipofunga kifuniko, Shaaban alisema, "Leo nabeba mimi."

"Kichwani?"

"Si ndivyo linavyobebwa?"

Akaweka kata, akajitwisha. Njiani kulikuwa na baraza la wanywaji kahawa. Muuza kahawa, Majid, alipomwona aliweka birika chini.

"Haa! Fundi Shaaban! Kata kichwani! Leo umeolewa?"

Zamani Shaaban angerudi njia nyingine. Alisimama, shingo imenyooka.

"Nimeoa, Majid," alisema. "Nimeoa mchoraji. Pisha njia, picha haijakauka!"

Nyumbani, Bi Zuhura alikuwa kwenye mkeka, na Mwalimu Bertha amekaa karibu naye. Shaaban alitua sanduku mbele yao. Maimuna akafungua kifuniko. Picha ilisimama ndani yake, haina mchanga, haina ua la kanga. Jua la asubuhi lilikuwa linaingia barazani kama Bi Zuhura alivyolisema.

Bibi alisogeza uso. Alitazama paa, akatazama ukuta. Kisha akatulia mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Mlango uko wazi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ile misumari iko wapi?"

"Sikuichora."

"Nilikwambia uchore unachokiona."

"Ndicho nilichokuwa nakiona, mama," alisema Maimuna.

Bi Zuhura alimshika bintiye mkono, akalia na kucheka kwa pamoja. Shaaban naye aligeuka kutazama kuku. Ukweli ni kwamba pale uani hapakuwa na kuku.

Jumatatu nyumba ilibomolewa. Bi Zuhura alikwenda kuiaga, akarudi na ufunguo wake wa chuma na vikombe vyake vya zamani. Akauliza lile sanduku zito la mkongo liko wapi.

"Hilo ni langu," alisema. "Jepesi ni la kwenda. Mimi siendi popote. Nataka la kukaa." Likawekwa chini ya picha, misumari yake ya shaba ikametameta. Shaaban alilipiga vanishi mara ya nne.

Leo Maimuna huchora nje kila wiki, hadi Kilwa Masoko. Mwalimu Bertha hufundisha wanafunzi kutengeneza sanduku lile, na huanza na boksi la sabuni. Na Fundi Shaaban? Hajaacha neno lake. Juzi alikuja dada mmoja kutoka Lindi, mchoraji, anaitwa Stella. Alitaka sanduku kama la Maimuna.

Shaaban aliliweka mezani, akakunja mikono. "Nyanyua!"

Stella alikaza misuli, akanyanyua. Sanduku likaruka juu kama ungo mtupu, na yeye akacheka kwa mshangao. Shaaban naye akacheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Nikutengenezee la hivi hivi?" aliuliza.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya Bi Zuhura. "Shaaban! Muulize kwanza anabeba wapi!"